Mashine Iliyothubutu Kumwuliza Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, Seyyid Khalfan, na katika kisiwa chake kizima hapakuwa na kiumbe aliyewahi kumwuliza jambo mara mbili. Akisema jua limechomoza magharibi, mawaziri hugeuza viti vyao waliote vizuri. Basi siku moja, kwa kuwa wenzake wanazo, naye akanunua kompyuta.

Mashine haina adabu. Siku ya kwanza tu, Sultani alitaka kufuta shairi lililomsifu kidogo mno. Skrini ikamwandikia: "Una uhakika?"

Sultani akaruka kitini. "Nani huyu?"

Akaitwa Mwanamize binti Faki, msimamizi wa kompyuta za ikulu. Baba yake alikuwa muuza mkaa. Nyumbani kwao hapakuwa na mali, palikuwa na ulimi.

"We Mwanamize! Hili sanduku lako linaniuliza mimi kama nina uhakika?"

"Linamwuliza kila mtu, Maulana."

"Mimi ni kila mtu?"

"Kwa upande wa vidole, ndiyo. Vyote huteleza."

"Changu hakitelezi! Liondoe swali hilo."

"Maulana, swali hilo ni ukingo wa kisima. Halimzuii mtu kuteka maji."

"Kisima changu hakihitaji ukingo. Nani atathubutu kutumbukia?"

Mawaziri wakacheka, kwa kufuata vyeo, Waziri Mkuu kwanza.

Amri ni amri. Mwanamize akaketi, akaandika skripti, yaani mistari michache ya maagizo ambayo mashine huyafuata yenyewe. Hii ilikuwa na kazi moja: mashine ikitaka kuuliza, skripti hujibu "Ndiyo" kabla swali halijafika kwenye skrini. Sultani akajaribu kufuta hiki, akajaribu kile. Kimya. Heshima tupu. Akasema sasa ndiyo mashine imestaarabika.

Hakukaa sana. Akaikuta picha yake akikoroma kwenye harusi ya mpwawe, mdomo wazi kama mlango wa ghala. Akabonyeza "futa", na kile kidole kisichoteleza kikateleza. Likafutika jalada zima lililokuwa jirani: hati za mashamba, kodi za bandari, nasaba ya ukoo wake wote. Picha ikabaki pale pale, inakoroma.

Baraza likaitishwa. Mwanamize akasimamishwa katikati, askari huku na huku. Hati ya kumfukuza kisiwani ilikwishaandikwa. Kilichobaki ni muhuri, na kesi ya kuupendezesha.

"Umeniangamizia dola!"

"Dola inarudi leo hii, Maulana. Nakala ninayo, naiweka nje ya ikulu."

"Sijaulizia dola! Naulizia wa kulaumiwa."

"Nani alibonyeza?"

"Mimi. Lakini mashine ilipaswa kuniuliza."

"Iliuliza."

"Sikuona swali mimi!"

"Lilijibiwa kabla hujaliona. Ndivyo ulivyoamuru."

"Niliamuru nisisumbuliwe. Sikuamuru nipotezwe!"

"Na huyo msema ndiyo wako angejuaje tofauti?"

"Angefikiri!"

"Lahaula! Maulana, aliyewekwa aseme ndiyo afikiri ili iweje? Siku akifikiri, kazi hana."

Waziri Mkuu akainama kutazama viatu vyake, kana kwamba ameviona leo. Waziri wa Fedha naye akainama, maana mkubwa ameinama.

Sultani akahisi uzi unamponyoka. Akasimama, akanyoosha fimbo yake ya enzi, akakaza sauti ile ya kutolea hukumu.

"Maneno yamekwisha! Mwenye hatia ni huyo anayesema ndiyo bila kufikiri. Kuanzia leo simtaki kisiwani kwangu, awe mashine, awe mtu. Na aliyemleta ikuluni atoke naye, hata awe nani! Binti Faki, utapinga hukumu hiyo?"

"Sipingi, Maulana. Hukumu ya haki kabisa."

"Nanyi mawaziri wangu, je, mna..."

"Ndiyo, Maulana!" wakaitika wote kwa mpigo, swali bado liko mdomoni mwake.

Mwanamize akawatazama mmoja mmoja, mstari mzima, vilemba na majoho. Kisha akamgeukia Sultani.

"Na hawa, Maulana, nani aliwaleta?"