Majiko ya Kupigia Picha

Shirika la umma la mafuta na gesi lilianzia katika chumba cha kupanga kijijini Namchewa. Kila kisima cha gesi kilichochimbwa hapo kililiongezea ghorofa mjini, na Namchewa kwenyewe wakaendelea kupikia kuni. Siku moja Mkurugenzi Rweyendela alifika na lori la majiko ya gesi na watu wa televisheni.

"Akina mama, simameni kwenye majiko mcheke," aliamuru. "Jioni yanarudi ghalani. Atakayekataa, mwanawe asitegemee kibarua kisimani."

Bi Somoe, kiongozi wa ngoma, akapiga goti. "Tumesikia, Mheshimiwa. Ila tukicheka tu, watu watasema tumelazimishwa. Sisi tucheze ngoma, nawe umwekee kila mchezaji jiko mbele yake, kwa mkono wako. Taifa lione shirika limekua bila kusahau lilikozaliwa."

"Mama, una akili!" Mkurugenzi akavua koti.

Ngoma ikalia. Mkurugenzi akabeba jiko baada ya jiko, jasho likimtoka, meno yote nje. Kila alipotua moja, vigelegele vilipigwa.

Jioni akaamuru majiko yapakiwe.

"Huku kwetu," alisema Bi Somoe, "anachowekewa mchezaji ngomani ni tuzo yake. Anayekichukua tena hutungiwa wimbo, na wajukuu zake huukuta bado unachezwa. Lakini chukua tu, mwanangu. Tutajie jina lako lote, tuanze kutunga."

Lori likaondoka tupu.

Kesho yake kijiji jirani kilituma ujumbe kwa Mkurugenzi: nao wako tayari kabisa kupigwa picha.