Kiluwiri Haitiki

"Kiluwiri haitiki, hata akiitwa na mamaye."

Mmeisikia leo asubuhi, Bi Tabu alipomwambia jirani yake aliyekuwa akilalamika kwamba mwanawe hamwambii neno la ukweli. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni basi. Methali hii haikuanza kwa kicheko. Ilianza hivi.

Enzi za vita vya Wazungu, huku kwetu bondeni aliishi mjane mmoja, Binti Kapungu, mtegaji samaki. Alikuwa na wana watatu. Vita vilipopamba moto, askari walianza kupita vijijini wakikamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Mwanawe wa kwanza alikamatwa shambani, jembe mkononi. Habari zilikuja kwamba amekufa njiani kwa kuhara damu, akaachwa kando ya barabara. Wa pili alikamatwa msibani, kwenye matanga ya huyo kaka yake. Yeye hata habari zake hazikuja.

Akabaki Matimbwa, kijana wa miaka kumi na tisa. Binti Kapungu akasema, "Huyu hawamchukui," akamwingiza bwawani.

Bwawa letu mnalijua: mafunjo na matete mpaka macho yanachoka. Huko ndani ndiko anakoishi kiluwiri, ndege mweusi mgongoni, mdogo kama kifaranga cha kuku, mwenye vidole virefu vya kukanyagia majani yanayoelea. Utamsikia akilia karibu na miguu yako, ukiinama humwoni. Mwili wake mwembamba hupenya katikati ya matete bila kutikisa hata unyasi. Binti Kapungu alikuwa amewaona wenye makinda. Mtu akitokea, kinda hunyamaza hapo hapo, asifurukute.

"Mwanangu," alimwambia Matimbwa, "uwe kama huyo. Ukiitwa, usiitike."

"Hata ukiniita wewe, mama?"

"Hata mimi. Wanaweza kunishika wakanilazimisha nikuite. Nikija kwa heri nitakuja kimya, nitakugusa bega. Sauti yangu usiiamini."

Matimbwa akakaa juu ya kisiwa cha mizizi ya mafunjo, katika kibanda kisichozidi kimo cha mtu aliyeketi. Kila baada ya siku mbili, alfajiri, mama yake alipiga kafi mpaka kwake akiwa na ugali wa mtama na kambare wa kuokwa. Walikula bila kusemezana. Mbu walimla yule kijana, ngozi ya miguu ikaoza kwa maji, lakini alikuwa hai.

Mwezi wa tatu askari walikuja. Walimkamata Binti Kapungu, wakamsimamisha ukingoni, bunduki kisogoni.

"Mwite!"

Akaita. "Matimbwa! Mwanangu, toka, wameniahidi hawatakudhuru!"

Bwawa likanyamaza. Wakampiga kwa kiboko, akaita tena huku analia, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Hakuitika mtu. Mwisho askari wakasema kijana ametorokea milimani, wakaenda zao.

Alfajiri ya pili mama alimkuta mwanawe amejiuma mkono mpaka damu.

"Nilikusikia wanakupiga, mama. Nilitaka kutoka."

Akamshika uso kwa mikono miwili. "Umefanya vyema. Hivyo hivyo. Hata nikisema nakufa, hata nikiapa kwa kaburi la baba yako. Niahidi."

"Naahidi, mama."

Miezi ikapita. Kiangazi kikapunguza maji ya bwawa, sehemu nyingi likabaki tope, matete yakawa makavu kama kuni. Siku moja jumbe, mkuu wa kijiji, akawaita watu akawaambia kwamba vita vimehamia kusini na askari wameondoka wote. Hakuna atakayekamatwa tena. Wanawake wakapiga vigelegele. Binti Kapungu alimuuliza jumbe mara tatu, na mara ya tatu jumbe akaapa. Hapo ndipo alipoanza kukimbia.

Hakuwa peke yake aliyefurahi. Wawindaji, ambao hawakuthubutu kuchoma nyika tangu vita vianze, walikuwa wamezipata habari mapema, wamekwenda asubuhi ile ile kuwasha moto upande wa mashariki wa bwawa, kuwatoa nguruwe mwitu. Hawakujua kuna mtu ndani. Nani angewaambia? Binti Kapungu hakumwambia kiumbe. Upepo ukageuka, ukausukuma moto kuelekea kibandani.

Alipofika ukingoni alikuta ukuta wa moshi. Mtumbwi wake, aliokuwa ameuficha kwenye matete, ulikuwa unawaka. Akaingia topeni mpaka magotini, joto likamrudisha. Akaita.

"Matimbwa! Toka! Moto! Vita vimekwisha, mwanangu, toka huku niliko!"

Viluwiri wakaanza kutoka. Yeye aliyezoea kumwona mmoja kwa mwezi, sasa aliwaona kwa makumi, wanakimbia kwa miguu, wanampita pembeni kana kwamba yeye ni kisiki. Akaendelea kuita.

"Ni mimi! Leo ni kweli! Naapa kwa kaburi la baba yako, leo ni kweli!"

Akayatambua maneno yake mwenyewe. Ndicho kiapo alichomwonya Matimbwa asikifuate. Akatafuta mengine, neno moja tu ambalo hakumkataza kuliamini, akalikosa. Akabaki kupiga ukelele usio na neno, mpaka sauti ikakatika.

Siku ya pili majivu yalipopoa, jirani yake Mzee Lipingu aliingia pamoja naye. Kwenye tope waliona nyayo za Matimbwa. Zilitoka kwenye kibanda, zikaja moja kwa moja kuelekea ukingo, mpaka hatua kama ishirini kutoka pale alipokuwa amesimama mama yake. Hapo zilikuwa nzito, zimezama, kama za mtu aliyesimama muda mrefu. Kisha ziligeuka zikarudi ndani, kwenye moto.

Mzee Lipingu alitaka kuzikanyaga azifute. Binti Kapungu akamzuia.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna aliyemsikia tena akiita mtu, hata kuku. Kwa wana wake wawili wa kwanza, watu waliwalaumu askari. Kwa huyu wa tatu walikosa wa kumlaumu, wakaja kumpa pole. Mke wa jumbe, asiyejua habari yote, ndiye aliyemuuliza:

"Lakini ulimwita, dada yangu. Kwa nini hakuja?"

Binti Kapungu akageuka kutazama bwawa.

"Nilimfunza mwenyewe," akasema, "na alinisikiliza. Kiluwiri haitiki, hata akiitwa na mamaye."