Kwa Nini Watu wa Kwashemui Hucheza kwa Safu

Hapo kale, harusini Kwashemui kila mtu alicheza kivyake. Huyu karukia huku, yule kamkanyaga mkwewe kule, na muziki ukinyamaza watu wanajuliana hali za vidole.

Siku hizo mwonyesha sinema wa shamba la mkonge la hapo alikuwa Shekue, mtu wa makamo aliyezunguka bandari nyingi akiwa mpishi wa meli. Alirudi na kitambi, santuri za muziki wa soul, na visa vingi ambavyo mjinga wake alikuwa yeye mwenyewe. Mabenchi ya ukumbi wake yalikuwa yamechimbiwa kwa saruji, kwa sababu watu walikuwa wakiyaazima kwenda nayo msibani na hawayarudishi.

Jumamosi moja alasiri, meneja wa shamba alimwambia kwamba watu wasiporidhika siku hiyo, ukumbi utageuzwa ghala la katani. Filamu ikaanza. Jambazi akatimua mbio, polisi nyuma yake, mara sauti ikakatika.

Miluzi ikapigwa. "Shekue, sauti yetu umeila?" akauliza Bi Nambua, mpishi wa kambi ya wafanyakazi.

"Ningekuwa nimeila, shangazi, si ningekuwa naimba?" akajibu, huku jasho likimtoka. Akaweka santuri ya soul.

Mwimbaji akalia kwa ajili ya mpenzi aliyemwacha, na filamu ikawa nyingine kabisa. Jambazi sasa alikuwa anamkimbilia mchumba, na polisi wakawa wakwe wanaomzuia. Bi Nambua akainuka, kiuno kikamtangulia. Safu yake ikainuka naye. Katikati ya mabenchi hakuna pa kurukia, basi wakaenda kulia wote, kushoto wote, na aliyechelewa alikumbushwa kwa kiwiko.

Ghafla mkanda ukakatika, ukuta ukabaki mweupe. Ukumbi mzima ukageuka nyuma kumtazama Shekue. Akajua ghala ndilo hilo. Lakini wimbo ulikuwa haujaisha, nao wakaendelea kucheza wakimwelekea yeye, hadi alipounga mkanda, wakageukia tena ukuta. Meneja alikuwa safu ya tatu, kofia mkononi, akienda kushoto wenzake wakienda kulia. Habari za ghala la katani hazikusikika tena.

Na tangu siku hiyo, soul ikilia harusini Kwashemui, watu hujipanga safu, kulia, kushoto, kisha wote hugeuka nyuma, hata kama huko nyuma hakuna kitu ila masufuria ya pilau. Mgeni akiuliza wanatazama nini, huambiwa asimame kwenye safu: Shekue anaunga mkanda.