Mtungi Aliokalia Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Nimimine?

Mimina!

Mpaka tone la mwisho?

La, bakiza ya kesho!

Haya, sogeeni, na wewe wa nyuma acha kusinzia. Palikuwa na Kiboko. Mkubwa, mzito, ana shamba la mtama lisiloonekana mwisho wake, ana mitungi saba. Na palikuwa na Bi Nguchiro, kadogo hivi, mkia na pua tu, ana mtungi mmoja wenye ufa. Lakini wanyama wakitaka pombe walikwenda wapi? Kwa Bi Nguchiro! Walikunywa, walicheza, waliimba, "Nguchiro mama, ongeza! Nguchiro mama, ongeza!" Kiboko akiusikia wimbo ule, wivu ulimjaa, akasukuma sahani kando. Kwani wangepungukiwa nini wakiimba "Kiboko baba, ongeza"? Hata mara moja?

Shida ya Kiboko ilikuwa usafi. Kila pombe ikiisha aliusugua mtungi kwa mchanga, kwaru! kwaru! kwaru! mpaka unang'aa. Akimimina uji mpya wa mtama, uji unalala, hauchachi. Leo umelala, kesho umelala. Wanyama wakionja wanasema, "Ahsante mzee, tutampelekea mgonjwa." Bi Nguchiro yeye hakuosha mtungi ng'o. Alibakiza machicha ya chini, yale mazito yenye chachu aliyoachiwa na bibi yake, akamimina juu yake uji uliopoa. Kesho yake povu hilo, tsss!

Siku tatu kabla ya sherehe ya mavuno, Kiboko alichungulia uani kwa jirani, akaona. Kumbe siri yenyewe ni ule uchafu! Akaingia, du! du! du! Akauinamisha mtungi wa Bi Nguchiro, akakomba machicha yote kwenye kibuyu chake. Hakuacha hata ya kulamba.

"Mzee wangu, nibakizie kijiko kimoja tu," Bi Nguchiro akalia. "Bila chachu hiyo mimi si mpika pombe tena. Wanangu nitawalisha nini?"

"Walishe wimbo," Kiboko akasema.

Bi Nguchiro akafuta machozi. Akamtazama kutoka juu hadi chini, akaona jinsi wivu ulivyomjaa. "Haya, chukua, mzee. Ila angalia harufu. Chachu hiyo harufu yake inatembea, na atakayeinusa ameshaionja bure."

"Anuse pombe yangu? Nani huyo?"

Kiboko akatia machicha katika mtungi wake mkubwa kuliko yote, ule uliozikwa nusu ardhini, akajaza uji, akafunika kwa majani ya mgomba.

Siku ya kwanza Bi Nguchiro akapita. "Hodi, mzee! Mbona naisikia mpaka kwangu? Tamu!"

"Usinuse!" Kiboko akang'aka, akaukandika mdomo wa mtungi kwa udongo.

Siku ya pili akapita tena. "Hodi, mzee! Mbona naisikia mpaka kwangu? Tamu zaidi!"

"Nimesema usinuse!" Kiboko akaburuta jiwe, akalibwaga juu ya udongo. Humo ndani mtungi ukanong'ona, tsss, kwata kwata.

Siku ya tatu, ndiyo ya sherehe, wanyama wamejaa uwanjani kwa Kiboko na vibuyu vyao, Bi Nguchiro huyo, ana kijiko na bakuli. "Hodi, mzee! Mbona..."

Kiboko hakumngoja amalize. Alipanda juu ya jiwe, akakaa kwa makalio yote mawili. "Sasa nusa!"

Tsss. Kwata. Kwata kwata. Gruuuu... PAAA!

Jiwe kule, Kiboko huku, pombe kila mahali. Alilala kifudifudi, machicha yamemganda kuanzia masikioni hadi mkiani, na wanyama wote wamekuja kutazama.

"Usijitikise, mzee wangu," Bi Nguchiro akasema kwa adabu, akampanda mgongoni. Akakomba kwa kijiko, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka bakuli likajaa.

Sherehe ikasogezwa siku mbili. Bi Nguchiro akapika. Wanyama wakaonja, wakatazamana. Hawajawahi kunywa kitu kama kile.

"Safari hii umetia nini, Bi Nguchiro?"

"Mgongo wa Kiboko!"

Basi wakaimba, "Kiboko baba, ongeza! Kiboko baba, ongeza!" Na Kiboko alikuwa wapi? Mtoni, amejizamisha kwa aibu, ameacha macho na masikio tu. Aliusikia wimbo alioutamani miaka yote, neno kwa neno, na hakuweza kutoka kwenda kuucheza. Mpaka leo yuko palepale, masikio nje, anangoja wauimbe tena.

Funzo ni nini, wanangu? Muwe na wivu! Kama si wivu wa Kiboko, wangekunywa wapi pombe tamu vile? Na mkimaliza kula, osheni vyombo, mvisugue mpaka ving'ae.

Mtungi wangu umekauka, machicha nimewaachia chini. Mwenye kijiko na akombe.