Fimbo ya Mzee Mbaabu

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya majitu na wanyama wanaosema, palikuwa na mzee mmoja Umeruni aliyeitwa Mbaabu. Sikilizeni vizuri, maana hadithi hii mimi imenishinda, na mwisho wake nitawaachia ninyi.

Mbaabu na mkewe Kathure walikaa pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu wa mlima unapoanzia. Walikuwa na watoto watatu, wote watu wazima. Wa kwanza Kagendo, mwanamke asiyeanza jambo mpaka aone mwisho wake. Wa pili Mwenda, mwenye mgongo mpana na maneno machache. Wa mwisho Nkatha, fundi cherehani, mwenye vidole visivyotulia.

Ujanani Mbaabu aliwabebea mizigo wageni waliopanda mlimani kuvua trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoadoa ubavuni. Kule samaki huyo havuliwi kwa nyungunyungu. Huvuliwa kwa nzi wa bandia, kidude cha manyoya na uzi kilichofungwa juu ya ndoana, nacho hurushwa kwa mshipi mrefu kikatua majini polepole kama mdudu aliyechoka kuruka. Mbaabu alitazama, akajaribu, akaweza. Mgeni mmoja alipokuwa anarudi kwao alimwachia fimbo yake ya kuvulia, fimbo ya mwanzi yenye vipande vitatu vya kuunganishwa. Tangu siku hiyo Mbaabu akawa mvuvi. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, alipanda peke yake hadi ziwa dogo lililo juu ya msitu, akarudi na samaki na hadithi.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa akiona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bua la mpapai, na kila mwezi bua lilizidi kuwa jembamba. Mbaabu hakulalamika. Ila mkewe alimwona jioni nyuma ya zizi, ameshika kijiti, anakirusha mbele na kukirudisha, mbele na kukirudisha, na hapakuwa na maji yoyote.

Kathure akawaita watoto. Akawaambia baba yao anataka kwenda ziwani na haya inamzuia kusema. Walipomuuliza, mzee akasema, "Ningependa kumwona samaki mmoja tena. Mmoja tu, akiwa hai mkononi. Atakayenifikisha kwa samaki huyo, fimbo hii ni yake."

Jueni kwamba fimbo hiyo kila mmoja aliitamani tangu utotoni. Hawakuitamani kwa sababu ya uvuvi. Waliitamani kwa sababu mikono ya baba yao ilikuwa imeingia kwenye mpini wake mpaka ukawa na umbo la kiganja.

Basi Kagendo akaanza kupanga. Akaenda ofisi ya msitu kuomba ruhusa. Akapanda na askari wa msitu mmoja hadi ziwani na kurudi, apate kuijua njia kwa miguu yake mwenyewe. Zilikuwepo njia mbili, moja fupi yenye miteremko mikali na nyati, nyingine ndefu ya kufuata mgongo wa mlima. Akachagua ndefu. Akachagua pango la kulala njiani. Akachagua mwezi ambao maji ni maangavu na anga haina hasira.

Halafu akatandika mkeka uani na kupanga kila kitu juu yake: hema, mablanketi, sufuria, unga wa uji, nyama iliyokaushwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, sukari, majani ya chai. Baba yao alipita akipapasa kitu kimoja kimoja. Akatoa sufuria ya pili. Akatoa kiti cha kukunja ambacho Mwenda alikiweka kwa ajili yake, akasema hajawahi kumwona mtu aliyepanda mlima kukaa kitini. Mwenda akakirudisha alipogeuka. Kagendo akakitoa tena.

Nkatha naye alikuwa kwenye kona yake akifunga nzi. Alimfukuza jogoo wa mama yake kutafuta manyoya ya shingoni, akamkamata, akamwacha nusu uchi. Mama alinuna siku nzima.

Jioni ya kuamkia safari, Kagendo akawakalisha wote na kuwapa sharti moja. "Juu ya nyasi ndefu kuna jiwe jeupe. Tukifika hapo na jua limepita utosini, tunarudi pangoni. Tukiwa wazima, tukiwa wagonjwa, tunarudi. Ukungu wa kule ukishuka mchana hauchezi na mtu." Akawaapisha. Nkatha aliapa. Mwenda aliapa akitazama pembeni.

Alfajiri ya safari, Kathure aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akaumia kifundo cha mguu. Mguu ulivimba hapo hapo. Alisisitiza kwamba si kitu, kwamba waende wote, lakini hakuweza hata kuukanyagia. Kagendo alikuwa amekwisha kufunga viatu. Aliwatazama wenzake, akamtazama baba yake aliyekuwa amesimama getini na fimbo begani kama kijana. Kisha akainama akafungua kamba za viatu, akamkabidhi Nkatha shanta lake, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda mama.

Wakapanda watatu.

Siku ya kwanza ilikwenda sawasawa na Kagendo alivyosema. Msitu wa miti mikubwa ukaisha, ukaja wa mianzi, na Mbaabu alitembea mkono wake ukiwa begani kwa Nkatha. Pangoni walilala vizuri.

Siku ya pili miguu ya mzee ikakataa. Kilima kilimkata pumzi, na kwa kuwa hakuona mawe ya kando alijikwaa kila mara. Walipofika kwenye jiwe jeupe jua lilikuwa limekwisha kuvuka, na upande wa juu ukungu ulianza kukusanyika. Ziwa halikuonekana, ingawa lilikuwa nyuma ya kilima kimoja tu.

Nkatha alisema warudi. Alisema kwa uchungu, lakini alisema. Mzee aliketi kwenye jiwe akalipapasa, akasema Kagendo ana haki, na kwamba kufika hapo kunatosha. Sauti yake haikufanana na maneno yake.

Mwenda alivua shanta lake, akamvika Nkatha mbele kifuani, la Kagendo likiwa tayari mgongoni. Akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Panda, Baba."

"Mmeapa, Mwenda," mzee akasema.

"Mimi ndiye nimeapa na mimi ndiye nitakayeulizwa. Wewe panda."

Akambeba. Akambeba kwenye nyasi zenye maji, akambeba kwenye mawe legelege, akambeba ndani ya ukungu mpaka hakuona miguu yake mwenyewe. Alipochoka alisimama bila kumtua, kwa hofu kwamba akimtua hatamwinua tena. Nkatha alitangulia akipiga sufuria kwa kijiko ili Mwenda asimpoteze. Hivyo ndivyo walivyofika ziwani, jua likielekea kuzama, nguo zao zimelowa, na Mbaabu anakohoa.

Kurudi pangoni hakukuwezekana tena, na kule juu hakuna mti wa kukata. Nkatha akazunguka kutafuta mahali pa kujikinga na upepo. Chini ya mwamba mmoja mkubwa akakuta tita la kuni kavu, limefungwa kwa kipande cha kanga ya Kagendo ya zamani, na kando yake kopo la unga wa uji. Dada yao alikuwa ameviweka alipokuja na askari wa msitu. Hakumwambia mtu. Waliwasha moto, wakanywa uji, wakambana baba katikati yao. Kikohozi kikatulia.

Kabla ya giza mzee alijaribu kurusha. Samaki walikuwa wakiibuka kila mahali, lakini hawakumtaka nzi wa Nkatha. Walimsogelea, wakamtazama, wakageuka. Alibadilisha nzi, wakageuka. Alibadilisha tena, wakageuka tena. Mbaabu akakunja mshipi akasema amewasikia wakiruka, na hata hilo si haba.

Asubuhi sakitu, umande ulioganda kwa baridi, ilikuwa imetanda kwenye nyasi. Nkatha aliamka wa kwanza, akalala kifudifudi ukingoni mwa ziwa akatazama maji kwa muda mrefu. Akaona wadudu wadogo weusi, wembamba, wakitambaa kutoka majini kwenye mawe. Nzi wake wote walikuwa wakubwa na wekundu. Alifumua sufu nyeusi ya kofia yake, akachukua unyoya mmoja wa jogoo akaupunguza kwa meno, vidole vikitetemeka kwa baridi, akafunga nzi mdogo ambaye Mwenda alimwambia hamwoni hata akiwa kiganjani.

Akamsimamisha baba yake ukingoni. Mzee hakuona samaki walikoibukia, kwa hiyo Nkatha alimwelekeza: kulia kidogo, Baba, mbali kidogo, hapo. Mwenda alisimama nyuma akimshika ukanda wa suruali asije akaanguka.

Nzi alitua. Maji yakafunguka. Fimbo ikapinda.

Mbaabu alimpa samaki mshipi, akamrudisha, akampa tena, mpaka akamleta miguuni. Alilowesha mikono, akamwinua, akamsogeza mbele ya macho, pale ambapo bado pana nuru. Alimtazama kuanzia kichwani hadi mkiani, doa kwa doa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Kisha akainama akamwachia.

Mwenda, aliyekuwa na njaa tangu jana, aliuliza kwa upole kama samaki ameponyoka.

"Hapana," mzee akasema. "Nimeshamwona."

Walirudi nyumbani salama, taratibu, siku ya pili yake. Kathure aliyesimama mlangoni kwa mguu mmoja akataka kujua samaki yuko wapi, na alipoambiwa amerudishwa majini alisema hajawahi kusikia watu waliokwenda mbali hivyo kumsalimia samaki. Lakini aliushika uso wa mumewe kwa mikono yote miwili, akauangalia.

Baada ya kula, Mbaabu akaiweka fimbo magotini. Akasema ahadi ni ahadi. Ni nani aliyemfikisha?

Mwenda alisema, na kwa mtu wa maneno machache alisema mengi. "Baba, uliishia kwenye jiwe jeupe. Wewe mwenyewe ulikubali kurudi. Kutoka pale hadi majini hukuweka mguu chini, ulikuja na miguu yangu. Mgongo wangu bado haunyooki. Kama kufikisha si huko, basi sijui ni kupi."

Nkatha alisema, "Baba hakusema atakayemfikisha ziwani. Alisema kwa samaki. Ziwani tulifika jioni, na samaki wakatukataa. Tungerudi na mgongo wa Mwenda na hadithi ya mgongo wa Mwenda. Aliyemleta samaki mkononi ni nzi yule, na macho yaliyomwongoza Baba ni haya yangu."

Kagendo alikuwa akiosha vyombo. Alipoulizwa alisema yeye hakuwepo, na kwamba anachoomba ni wamsimulie tena samaki alivyokuwa, hasa rangi yake.

Ndipo mama yao akasema kwa niaba yake. Aliuliza nani alichagua njia, nani alichagua mwezi, nani alichagua pango. Aliuliza kama kule juu kuni huota zikiwa zimefungwa kanga. "Mngekuwa mmeganda nyote watatu," alisema, "na huyu aliyewatunza alikuwa hapa ananikanda mguu."

Mwenda akajibu, kwa heshima, kwamba mpango wa Kagendo ulisema warudi. Wangeufuata, baba asingemwona samaki.

Mama akamgeukia Kagendo. "Kuni zile uliziweka za nini, kama uliamini watarudi?"

Kagendo akafuta mikono. "Namjua Mwenda," akasema. "Nilijua atambeba."

Wote wakacheka, hata Mwenda, huku akiushika mgongo. Akasema basi wagawane, kwa kuwa fimbo ina vipande vitatu. Baba yao akakataa kabisa. Alisema vipande vitatu vikitengana ni vijiti vya kuegemezea maharage.

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Ilibidi ageuze kichwa chote ili ampate kila mmoja ndani ya lile bua la mpapai, na lilikuwa limebaki jembamba sana. Alisema hataki kuacha jambo hili mpaka mwakani. Siku ya kuitoa fimbo anataka auone uso wa anayeipokea.

Haya. Yuko aliyepanga kila hatua, akabaki nyumbani, akawaandalia wenzake hata kosa lao. Yuko aliyevunja kiapo akambeba baba yake. Yuko aliyetaka kurudi, halafu ndiye aliyemleta samaki. Fimbo ni moja, na macho ya mzee hayangoji.

Semeni ninyi, naye bado anaona: je, nani alistahili?