Fuko Aliyepokea Takataka za Nyati

Paukwa!

— Pakawa!

Nidanganye nisidanganye?

— Danganya, tutaamini!

Basi sikilizeni. Mwenye mabua ya kuchoma asubiri kwanza.

Hapo kale, kule nyanda za juu kwenye baridi, Nyati na Fuko walilima ngano shamba moja. Nyati, pembe hizi! Fuko, macho yenyewe ya kubahatisha. Mke na watoto wa Fuko waliishi humo humo, chini ya shamba.

Siku moja Nyati akalitamani shamba lote. Akaja, ti! ti! ti!

"We Fuko! Msimu huu kila mtu na upande wake. Ngano ya nani ikianguka kwanza, huyo ahame na watoto wake."

"Sawa, mkubwa." Angesema nini? Na mashimo ya marehemu baba yake yote yalikuwa pale.

Ikaletwa mbolea, unga wa mifupa, ule unaotia mizizi nguvu. Nyati akachukua gunia zima, Fuko akaachiwa makombo. Haki ikatendeka, kama kawaida.

"Mkubwa," akasema Fuko, "shamba la mheshimiwa lina mabua ya mavuno yaliyopita?"

"Aibu!" Kwa akina Nyati, uwanja usiofagiwa ni fedheha ya ukoo mzima. Akalifagia shamba, fya! fya! fya!, likang'aa kama uwanja wa harusi. Mabua yote akamtupia Fuko.

"Na mbolea tele hivi utaifukia, mkubwa? Nani ataiona?"

"Kweli!" Nyati akaimwaga juu, fu! fu! fu!, shamba likawa jeupe. Wapita njia wakasifu sana.

Fuko akachimba vifereji, kuru! kuru! kuru! Akatia mbolea kidogo, udongo kidogo, mbegu juu yake. Kisha akatandaza zile takataka za mheshimiwa juu ya shamba lake.

Mkewe akatoka shimoni amefura. "Baba Tindi! Mbolea kachukua yeye, uchafu umechukua wewe. Watoto wangu watalala wapi?"

"Mama Tindi, mbolea hii haina miguu. Ukiiacha juu, inakaa juu. Na mizizi hukaa penye chakula."

Mvua ikanyesha, ikaondoka mapema. Kwa Nyati ardhi ikapasuka, mizizi ikabaki juu juu ikilamba vumbi. Kwa Fuko, chini ya mabua, udongo ulikuwa bado na unyevu. Mizizi ikashuka, ikashuka, mpaka ikamtekenya Fuko kitandani. Akacheka peke yake.

Upepo ukaja. Vuuu! Ngano ya Nyati, pu! Chini. Vuuu! Ngano ya Fuko ikainama, ikasimama.

"Umenikatia mizizi, mwizi wewe!" Nyati akafoka mbele ya wanyama wote.

"Niliitafuta sana niikate, mkubwa," akasema Fuko. "Sikuiona."

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nyati akahama jioni ile ile, na mpaka leo anatembea ameinamisha kichwa. Anatafuta mizizi yake.

Fundisho, wanangu: fagieni mashamba yang'ae, mabua mchome, mbolea mwageni juu majirani waione. Ngano ikianguka, mlaumuni fuko.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeielewa vizuri, ufagio ule pale mlangoni.