Jina la Mtoto wa Lori la Tangawizi

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha milimani Upare, Nakijwa alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ambayo gari pekee la kumteremsha hospitali lilikuwa juu ya jeki. Lilikuwa lori la tangawizi, springi zake za nyuma zimevunjika.

Springi mpya zilikuwepo. Yubolti, zile bolti zilizopinda za kufungia springi kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ndizo zilizokuwa zimechakaa. Mjane Naetwe alikuwa nazo mpya, alizonunulia lori lake mwenyewe lililoharibika. Akazitoa. Tangawizi yake iliyosubiri lori hilo ikabaki kuoza.

Fundi Senzia akafunga springi, kisha akataka lori lishushwe.

"Kaza hapo hapo, baba, mtoto anakuja!" Nakijwa akalia.

"Sikazi mwisho gari likiwa hewani, mama. Likikalia uzito wake, nati zitalegea."

Likashushwa. Akakaza nati hii kidogo, kisha ile ya pembe ya mkabala, akarudia, akarudia tena. Nakijwa akamtukana tusi ambalo mama mkwe wake alijifanya hakulisikia. Senzia akaendelea kukaza.

Wakaondoka. Kabla ya mteremko mkali, dereva Mbonea akasimamisha lori.

"Springi mpya zimeshajikalia, huenda nati zimelegea. Lazima nikaze tena."

"Nitazalia hapa!"

"Bora hapa kuliko korongoni, dada."

Akaingia uvunguni na spana. Nati zote zilikuwa zimelegea. Akazikaza.

Kwenye kona mbaya kuliko zote, mvua ilikuwa imemega barabara. Gurudumu la nyuma likatumbukia shimoni kwa kishindo, korongo liko pale pale. Ekseli haikusogea. Lori likapanda, likaenda zake. Mtoto wa kiume akazaliwa hospitali, mzima, mwenye sauti kubwa.

Mume wa Nakijwa akasema, "Apewe jina na aliyewaokoa."

Wakaja watatu.

"Bila bolti zangu msingeondoka," alisema Naetwe. "Aitwe Kirita, jina la marehemu mume wangu."

"Bolti ni chuma tu," alisema Senzia. "Aliyezikaza ni mimi, tena nikitukanwa. Aitwe Senzia."

"Ulizikaza, zikalegea," alisema Mbonea. "Aliyezikaza tena ni mimi. Aitwe Mbonea."

Nakijwa aliwasikiliza, mtoto kifuani. Wawili kati yao alikuwa amewachukia siku ile kwa moyo wote, na sasa hakuona hata mmoja aliyesema uongo. Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza: mtoto analia na hana jina. Je, nani alistahili kumpa?